Ukifika Bukoba, Usianze na Hoteli

Agosti 2025 tulimaliza TP tukabakiwa na siku nne kabla ya basi la kurudi chuo. Tulikuwa wanne: mimi, mshkaji mmoja wa Tanga, dada wa Mbeya, na jamaa wa Dar tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kugombea uwakilishi wa darasa akapata kura kumi na moja. Wiki zote hizo wenzangu walikuwa Kagera wakila wali maharage mchana na chipsi mayai jioni. Wakaniambia, "Wewe ndiye mwenyeji. Tupeleke sehemu za msosi wa hapa Bukoba."

Nikawapeleka kula chipsi.

Msinicheke. Mimi ni mtu wa Kimuli, wilaya ya Kyerwa, kule karibu na mpaka wa Uganda. Kwetu, Bukoba ndiyo "mjini", na tangu nikiwa mdogo mjini kulikuwa na maana moja: chipsi na soda baridi. Ndizi na kahawa viko nyumbani, sasa nauli yote hiyo ya nini? Ndivyo nilivyowaza, na nadhani wengi wetu tunaotoka vijijini tunawaza hivyo hivyo.

Mheshimiwa aliitazama sahani yake akasema, "Yaani nimevuka nchi nzima kuja kula chipsi? Nyie hamna chakula?"

Alikuwa anatania, lakini iliniuma kwa sababu ninayo ya zamani. Nikiwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, Bibi alinifungia kahawa za kutafuna kwenye jani kavu la mgomba. Wenzangu bwenini wakauliza ni nini. Nikasema ni dawa ya tumbo. Usiku nikazitupa shimoni. Kwa hiyo nilipoulizwa kama kwetu hakuna chakula, nilijua kwamba hata mimi nilishawahi kujibu hakuna.

Tukahama ile hoteli. Siku tatu zilizofuata ndizo zilizonifanya niandike makala hii, kwa ajili ya wenzangu mtakaopangiwa TP Kagera, au mtakaopita Bukoba kwa harusi, msiba au matembezi.

Kwanza elewa kibanja

Vyakula vingi utakavyoviona soko la Bukoba vina chanzo kati ya sehemu tatu: kibanja, rweya na ziwa. Ukizielewa hizo tatu, sahani yako itakuwa inajieleza yenyewe.

Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba. Migomba ndiyo inayofunika juu. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage, magimbi, siku hizi hata vanila. Mgeni akipita barabarani anaona msitu wa migomba na hajui kuwa ndani yake kuna nyumba, kaburi la babu, jiko na ghala. Watu wengi hudhani ardhi ya huku ina rutuba ya kuzaliwa nayo. Si kweli kwa sehemu nyingi. Kibanja kimetengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe, mabaki ya jikoni, na nyasi zinazotandazwa chini ya migomba ili udongo usikauke.

Hizo nyasi zinatoka rweya, yaani uwanda wa wazi ulio nje ya vibanja. Rweya inatoa nyasi za kufunika shamba, za kuezeka nyumba za zamani na za kutandika sakafuni. Huko huko ndiko senene hutua.

Ziwa Victoria halihitaji maelezo marefu. Sato, sangara na dagaa wapo, na ukimwambia mama lishe kwamba unataka sato wa leo, atakuheshimu.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Wenyeji wa Bukoba ni Wahaya. Sisi wa Karagwe na Kyerwa ni Wanyambo, tuna lugha yetu, Kinyambo, ingawa tunaelewana na Wahaya bila mkalimani. Usimwite kila mtu wa Kagera Mhaya. Watakusamehe, ila watakumbuka.

Kahawa isiyonywewa

Tulianzia stendi. Pale na sokoni utakuta kahawa za kutafuna, zimefungwa kwenye vifurushi vidogo vya majani makavu ya mgomba, siku hizi hata kwenye vifuko vyenye lebo. Kwa Kihaya kahawa ni amwani. Dada wa Mbeya, ambaye kwao pia kuna kahawa, alidhani ni za kupanda.

Hii ni robusta, aina ya kahawa ambayo asili yake ni ukanda huu wa Afrika, wala haikuletwa na mzungu. Buni huchumwa kabla hazijaiva sana, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikaanikwa mpaka zikauke kabisa. Unaivunja ganda kwa meno, ndani unakuta punje mbili, unazitafuna polepole. Ni chungu kwanza, halafu inabaki harufu mdomoni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo wale mnaokesha mkidesa, mmeshaelewa.

Lakini usiitafune kama karanga, kwa sababu kazi yake kubwa ni kupokea wageni. Ukiingia kwenye nyumba ya heshima, kabla ya chakula, kabla hata ya kuulizwa shida yako, unaletewa kahawa kwenye kisahani au kikapu kidogo. Unachukua chache, unashukuru. Kuikataa bila kueleza ni kama kukataa salamu.

Zamani ilikuwa nzito zaidi. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walikula kiapo kwa kahawa: punje mbili za tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake ikiwa imepakwa damu. Punje mbili zimelala tumbo moja kama mapacha, kwa hiyo na hao wawili wamekuwa wa tumbo moja. Katika falme za Wahaya, upandaji wa mibuni ulisimamiwa na watawala, mtu hakujipandia tu. Wajerumani walipojenga boma lao Bukoba mwaka 1890, na baada yao Waingereza, kahawa ikageuka taratibu kuwa zao la kuuza. Leo Kagera ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya robusta ya Tanzania.

Na hapa niliwashangaza wenzangu. Ule mkebe wa kahawa ya TANICA unaoukuta kwenye vyumba vya hosteli, ugeuze usome. Umetoka kwenye kiwanda kilichoko Bukoba hapa hapa. Mheshimiwa alikuwa anakunywa Kagera tangu mwaka wa kwanza.

Agiza ndizi kwa jina

Kosa la wageni wengi ni kwenda kwa mama lishe na kusema "naomba ndizi". Ni kama kuingia duka la vitabu ukasema naomba kitabu.

Ziko ndizi za kupika, ambazo ndizo chakula chenyewe, na ndani ya hizo kuna nshakala, enyoya, mbwailuma na nyingine nyingi. Ziko mbile, za pombe. Ukizipika zina ukakasi. Iko nkonjwa, ndefu na nene, ya kuchoma au kukaanga. Na ziko za kuiva, za kula kama tunda. Mzee wa kwetu anaweza kuonja akiwa amefumba macho akakwambia ni ipi, na kama mpishi aliiwahi au aliichelewesha.

Kwa anayeanza, agiza ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Hicho ndicho chakula cha kila siku cha nyumba nyingi, na ndicho kipimo cha mpishi. Ndizi inatakiwa iwe laini bila kuwa uji, maharage yawe yamepasuka, na mchuzi uwe umeshikana wenyewe bila unga. Nenda mapema. Sufuria nzuri huwa zimeisha saa saba mchana, na kinachobaki jioni kimepashwa.

Tulikula kwenye kibanda nyuma ya soko, benchi moja, sahani nne. Bili yote ilikuwa ndogo kuliko zile chipsi. Mshkaji wa Tanga, ambaye kwao ndizi ni kitu cha kuweka nazi, alimaliza, akanyamaza, akaagiza nyingine.

Mama yule alitusimulia kuhusu mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera miaka ya 2000. Mgomba unanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani zimeharibika. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Unang'oa mgomba wenyewe, unachoma moto kisu ulichotumia, na kikonyo cha maua unakivunja kwa kijiti cha panda ili usihamishe ugonjwa. Kuna nyumba zilizopoteza kibanja kizima. Kwa hiyo unapokula ndizi hapa, ujue kuna mtu anayeamka kuzikagua kama mwalimu wa zamu.

Rubisi haina haraka

Rubisi ni pombe ya ndizi. Nitaeleza inavyotengenezwa, kwa sababu wengi huihukumu bila kuijua.

Mbile huivishwa kwanza, ama ndani ya shimo lililofunikwa majani, ama juu ya dari ya jikoni kwenye joto la moshi. Zikiiva humenywa na kuwekwa ndani ya obwato, gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi. Zinakandwa pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Nyasi ndizo zinazoshika makapi. Juisi inachujwa na kuongezwa maji. Hapo bado ni tamu tu, hata mtoto anapewa. Kisha unawekwa mtama uliokaangwa na kusagwa, obwato inafunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake unakuta inachemka yenyewe. Mtama ndio unaoleta uchachu na ile rangi.

Haikai. Inaendelea kuchacha, na baada ya siku chache inakuwa kali na mbaya. Ndiyo maana huikuti kwenye friji za supamaketi. Ni lazima uifuate inakotengenezwa, ukae, unywe taratibu kwa kibuyu na mrija, na usikilize mazungumzo ya wenye umri. Kwa kawaida mwenyeji anaonja kwanza mbele yako, ishara kwamba hakuna sumu.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: utamu wake unadanganya. Mheshimiwa aliinywa kama juisi kwa dakika ishirini akituhubiria kuhusu katiba ya serikali ya wanafunzi. Alipotaka kusimama, miguu haikutoa ushirikiano. Ya pili: watu watakuletea gongo, iliyokenekwa kutoka kwenye hiyo hiyo pombe ya ndizi. Kuipika bila kibali ni kosa kisheria, na gongo iliyopikwa vibaya inapofusha na kuua. Iache.

Usiyekunywa pombe usijitenge. Mshkaji wa Tanga ni Mwislamu. Aliomba juisi kabla haijatiwa mtama, akapewa kibuyu chake, akakaa nasi mpaka mwisho. Hakuna aliyemsumbua.

Senene wana msimu wao

Dada wa Mbeya alitaka senene kuliko kitu chochote. Ikabidi nimwambie ukweli: Agosti si mwezi wao. Senene huja kwa wingi na mvua za Novemba na Desemba, na mara nyingine wachache Aprili au Mei. Usiku wanafuata taa. Wafanyabiashara hufunga taa kali na kusimamisha mabati. Senene wanagonga bati, wanateleza, wanaangukia ndani ya pipa. Asubuhi watoto na akina mama wanawaokota rweya kwenye umande, wakiwa hawawezi kuruka vizuri.

Wanatolewa mbawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, basi. Ni chakula chenye protini na mafuta mengi. Agosti tulipata waliokaushwa tu, kwenye kifuko, wagumu kidogo. Dada aliwamaliza.

Bibi yangu huwa anasimulia kwamba alipokuwa msichana aliokota senene kila msimu, lakini mwanamke hakuruhusiwa kula. Aliokota, alisafisha, alikaanga, akampelekea baba yake, baadaye mumewe. Nikamuuliza, hata kuonja? Akasema, "Jikoni kuna moshi, mjukuu wangu. Nani anaona?"

Siku ya tatu: Kimuli

Sikuwa nimepanga kuwapeleka nyumbani. Lakini walisema, kama vyote hivi vinatoka kibanja, tuonyeshe kibanja. Tukapanda gari hadi Kayanga, jingine la kuelekea Kyerwa, tukamalizia na bodaboda. Ulikuwa msimu wa mavuno. Kila uwanja ulikuwa na kahawa imeanikwa kwenye mikeka na maturubai, ikigeuka kutoka nyekundu kuwa nyeusi.

Tulimwamkia Bibi, mimi na dada wa Mbeya tukiwa tumepiga magoti. Akaleta kisahani cha kahawa. Mheshimiwa alichukua moja, akawa anaizungusha vidoleni bila kuila. Ili kupoteza muda akauliza swali la kisomi: "Bibi, mwaka jana bei ya kahawa ilipanda sana. Nyie mlipata shilingi ngapi?"

Hapa inabidi nieleze kitu kinachoitwa butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Mtu ana shida mwezi wa pili, mavuno ni mwezi wa sita. Anakuja mnunuzi na pesa taslimu, mnakubaliana magunia kadhaa kwa bei ya shida yako. Kahawa ikiiva anakuja kuchukua, hata kama bei imepanda mara ngapi. Viongozi wa mkoa wameipiga vita kwa miaka, wanahimiza watu wauze kupitia vyama vya msingi na minada. Lakini ada na hospitali hazingoji mnada.

Na mwaka 2024 bei ya robusta duniani ilipanda kufikia viwango ambavyo havijaonekana kwa miongo mingi. Kyerwa watu walipaua nyumba mwaka ule.

Bibi alicheka. Akasema, "Mwaka ule kahawa yangu ilikuwa inasoma chuo."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka. Februari 2024, mwaka wa kwanza, mkopo wangu haukufika asilimia zote. Nilipiga simu nyumbani nikilia kwamba nisipolipa ada iliyobaki sifanyi mtihani. Baada ya siku tatu pesa iliingia. Sikuuliza imetoka wapi. Ilikuwa magunia matatu ya kahawa ya maganda, butura, kwa bei ya Februari.

Hakuna aliyesema kitu. Mheshimiwa aliitia ile kahawa mdomoni, akaivunja, uso ukamkunjamana kama aliyelamba betri. Bibi akamsogezea kisahani achukue nyingine. Akachukua.

Kabla hujaondoka

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitembelea mji kwa ajili ya chakula chake, usitafute geti na tiketi. Anzia sokoni asubuhi. Uliza jina la kitu, kisha uliza kimetokea wapi na nani alikilima. Watu wanapenda kuulizwa, hasa na anayesubiri jibu. Lipa bei uliyoambiwa pale ambapo kibanda kina benchi moja. Kupunguziwa shilingi mia mbili hakukufanyi kuwa mjanja. Kwa kahawa njoo kati ya Mei na Oktoba uone mavuno. Kwa senene njoo Novemba, ukiweza kuwatoroka wahadhiri. Kwa ndizi njoo siku yoyote.

Nunua kahawa ya kutafuna ya kurudi nayo, ukiweza kwa aliyeitengeneza mwenyewe. Bibi alinifungia nyingine kwenye jani kavu, kama zile za kidato cha tano. Ziko chumbani kwangu juu ya meza, kwenye kisahani, na anayeingia anapewa kwanza kabla ya kuniambia shida yake ya desa.

Wanauliza ni nini hii. Siku hizi nawajibu vizuri.